Chai kwa Kila Kikohozi

Nyaguthii alizaliwa na masikio yasiyosamehe. Wengine hupewa macho makali, wengine ulimi. Yeye alipewa masikio, na sijui kama yaliwahi kumletea lolote zaidi ya taabu. Akiwa ameketi sebuleni kwake, pale mtaa wa Section Six mjini Kitale, angekwambia kuwa jirani yake Rahab amesahau kufunga mfereji, au kuwa kuna mtu anatafuna muwa nyuma ya ukuta. Kelele kubwa hazikumsumbua. Lori la mahindi lingepita likitikisa vioo vya madirisha naye asigeuze shingo. Zilizomkondesha ni zile ndogo ndogo zinazorudi: kijiko kinachoendelea kukoroga kikombe ambacho sukari yake iliyeyuka kitambo, slipa zinazoburutwa sakafuni, mtu mzima anayevuta kamasi kana kwamba leso haijavumbuliwa.

Na Mungu naye, kwa utani wake, akampa Makokha.

Makokha alikuwa mume mwema, mtu wa ofisi ya kilimo, mtoto wa Bungoma asiyejua kupandisha sauti. Hakuwa na ubaya wowote isipokuwa chai. Chai aliinywa kwa kuivuta, fyuuu, kisha akashusha kikombe na kusema "aaah" kama mtu aliyetua gunia. Kila funda lilipata "aaah" yake. Mwaka wa kwanza wa ndoa Nyaguthii alikuwa akibeba kikombe chake na kwenda kunywea jikoni, akisingizia kuna sufuria inachemka. Mwaka wa pili akanunua mashine, na hapo ndipo alipopata dawa.

Ilikuwa mashine ya kufuma masweta ya shule, ile ya mkono, yenye kigari cha chuma kinachosukumwa kulia na kushoto juu ya safu ndefu ya sindano. Shwaa-kracha, shwaa-kracha. Aliiweka sebuleni karibu na dirisha, na kuanzia asubuhi hadi jioni ilifunika fyuuu, ikafunika mfereji wa Rahab, ikafunika dunia nzima. Hata siku moja haikumpitia akilini kwamba mashine yenyewe ni kelele. Makokha hakusema kitu. Rahab alisema, lakini alisema kwa watu wengine. Nyani haoni kundule.

Hivyo ndivyo walivyokuwa wakiishi, binti yao Nasike akiwa shule ya bweni, hadi mvua za mwezi wa tano zilipoanza na mguu wa Mzee Kizito ukaharibika.

Mzee Kizito alikuwa babake Makokha. Ujana wake wote aliumaliza akisimamia dipu ya kuogeshea ng'ombe upande wa Lugulu, na hata baada ya kustaafu hakuweza kumwona ng'ombe bila kumkagua kupe masikioni. Mkewe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Ugonjwa wa sukari ulikuwa umemwingia zamani, akaishi nao kwa amani, mpaka siku alipojikwaa kwenye gogo na kidonda kikakataa kupona. Daktari akasema kisafishwe kila siku, mguu usikanyagie matope, na mzee asikae peke yake. Makokha akapanda gari akamfuata.

Kumleta ilikuwa shughuli. Mzee alikataa katakata. Alisema tangu lini baba akalala katika nyumba ya mwanawe aliyeoa, hiyo ni tabia ya wapi? Makokha akambembeleza mchana kutwa bila mafanikio. Mwishowe ni mzee mwenyewe aliyejitafutia njia ya kutokea. Aliuliza kama hiyo nyumba ya Kitale Makokha ameijenga. Akaambiwa hapana, ni ya kupanga. "Basi si nyumba yako," mzee akasema, akasimama na bakora yake. "Ni nyumba ya landlord. Kwa landlord naweza lala."

Nyaguthii aliposimuliwa hayo alicheka mpaka akashika mbavu. Angejua yaliyokuwa yakimngoja, angecheka kidogo tu.

Alimkaribisha baba mkwe wake kwa moyo safi, hilo lazima lisemwe. Alimpa chumba cha Nasike, akabadilisha mashuka, akanunua unga wa wimbi kwa sababu ya sukari. Kila asubuhi alikuja Phelista, nesi aliyekuwa akiishi nyumba za nyuma, naye mzaliwa wa Bungoma, akasafisha kile kidonda na kukifunga upya kabla ya kwenda kazini. Makokha naye akaondoka kwenda ofisini. Baada ya hapo nyumba ilibaki na watu wawili, mzee chumbani na Nyaguthii kwenye mashine, na katikati yao korido nyembamba inayoelekea jikoni, bafu na choo.

Ndipo kikohozi kilipoanza.

"Khm-khm!"

Hakikuwa kikohozi cha ugonjwa. Kilikuwa kikavu, kizito, chenye mamlaka, kama cha mwenyekiti anayetaka mkutano unyamaze. Nyaguthii alisimamisha kigari hewani. Kwao Kachibora, alikozaliwa na kulelewa, kikohozi cha namna hiyo kilikuwa na maana moja tu. Baba yake, Muturi, alikuwa mzee wa maneno machache. Akikohoa mara mbili akiwa kwenye kiti chake, watoto wote walijua chai imechelewa. Hakuna aliyehitaji kuambiwa. Basi Nyaguthii akainuka, akamimina chai isiyo na sukari, akaipanga kwenye trei pamoja na kipande cha kiazi kitamu, akaingia koridoni.

Akamkuta mzee amesimama mlangoni mwa chumba chake, bakora mkononi. Mzee aliruka nyuma kama aliyekanyaga kaa la moto.

"Chai, baba."

"Ooh. Asante, mama Nasike. Asante sana." Alipokea akiangalia ukuta, akarudi ndani, akafunga mlango.

Hata kuniangalia hataki, Nyaguthii aliwaza. Akarudi kwenye mashine. Hajamaliza mistari mingi, akasikia tena: "Khm-khm!" Akasimama. Akafikiri labda mzee anataka ya pili. Akapeleka ya pili. Mzee tena alikuwa mlangoni, tena akashtuka, tena akapokea huku akiukodolea ukuta macho. Safari ya tatu Nyaguthii alipeleka uji, kwa kuwa aliona huenda chai haimfai.

Ikawa hivyo siku baada ya siku. Mzee alikohoa asubuhi, akakohoa mchana, akakohoa jioni. Alikohoa kabla ya kutoka chumbani, akakohoa akifika mlango wa jikoni, akakohoa akiwa chooni kabla ya kufungua kitasa. Na kila alipokohoa akiwa chumbani, Nyaguthii aliacha kazi akapeleka kitu. Mzee naye, kwa adabu aliyolelewa nayo, hangeweza kukataa chakula cha mke wa mwanawe, basi akanywa. Na mtu wa sukari aliyekunywa vikombe vyote hivyo anahitaji kwenda wapi? Basi akakohoa zaidi. Na alipokohoa zaidi, akaletewa chai zaidi. Mashetani wangekaa kikao kutunga mateso ya kuwafaa watu wawili wema, wasingefikia hapo.

Tatizo ni kwamba Nyaguthii alikuwa na kazi ya watu. Shule moja ya Endebess ilikuwa imebadilisha rangi ya sare, na ilitaka masweta kabla baridi ya mwezi wa saba haijawakamata watoto. Kufuma ni kazi ya kuhesabu mistari kichwani. Ukikatizwa unapoteza hesabu, na sweta linatoka mkono mmoja mrefu kuliko mwingine. Alianza kufumua alichofuma. Alianza kuota kikohozi. Alianza, Mungu amsamehe, kumchukia yule mzee. Si sana, ni kidogo tu, kama unavyochukia jiwe dogo ndani ya kiatu. Mimi ni mtumishi? alijiuliza. Hawezi kuniita kwa jina la mtoto wangu, akasema, mama Nasike, naomba maji? Lazima anikoholee kama ng'ombe wa dipu?

Jumapili moja baada ya kanisa, Makokha akiwa anavuta chai yake, Nyaguthii alimkalia kitako.

"Baba Nasike, ongea na baba yako."

"Kuhusu?"

"Kukohoa. Ananikoholea siku yote. Nimechoka, bana. Sifanyi kazi."

"Si ni umri tu? Wazee hukohoa."

"Huo si umri. Hiyo ni amri. Mwambie, la sivyo mimi nitaenda Kachibora kwa mama nifumie huko, na nyinyi mbaki mkikoholeana."

Makokha hakupenda, lakini mtu asiyejua kupandisha sauti huwa pia hajui kukataa. Jioni hiyo aliingia chumbani kwa babake. Nyaguthii, kwa masikio yale yake, alisikia yote akiwa jikoni: "Papa, hiyo kukohoa… jaribu upunguze kidogo. Mama Nasike anakuwa kwa kazi." Kisha sauti ya mzee, ndogo kuliko alivyoizoea: "Amesema inamsumbua?" Na Makokha: "Kidogo." Na mzee: "Sawa. Nimesikia."

Na kweli alisikia. Kuanzia siku ile hakukohoa tena.

Nyaguthii alifurahi, kwa nini tufiche? Alisukuma kigari chake kutwa nzima bila kukatizwa, na vipande vya masweta vikapanda juu ya kochi: migongo, vifua, mikono. Wakati mwingine, kelele ya mashine ikiwa imeshika kasi, aliona kwa pembe ya jicho kivuli kikipita koridoni na kurudi. Alijiambia, kumbe anaweza kujifanyia mambo yake bila kunisumbua. Alimpelekea chai kwa saa zake, asubuhi na saa kumi, na mzee akapokea, akashukuru, akafunga mlango. Nyumba ilitulia kama kanisa siku ya Jumatatu.

Kisha kufuma kukaisha. Wanaojua kazi hii wanajua kwamba mashine hufanya nusu tu. Vipande vikishatoka, mtu huketi na sindano ya mkono akaviunga kimoja kimoja, begani, ubavuni, shingoni, na hiyo haina sauti. Nyaguthii alifunika mashine kwa kanga, akavuta kiti karibu na dirisha, akaanza kuunga. Siku nzima sindano ilikwenda na kurudi, naye akinyanyuka mara aende jikoni, mara bafuni, mara chumbani kutafuta mkasi, peku peku kwa sababu slipa zinazoburutwa hakuzipenda hata miguuni pake mwenyewe. Nje mvua ilinyesha. Ndani hapakusikika kitu.

Chai ikaanza kurudi ilivyokwenda. Kwanza nusu kikombe, kisha kikombe kizima, kimetanda utando juu. Maji aliyoweka mezani mwa mzee yalibaki palepale kwenye jagi. Nyaguthii alimwambia Rahab juu ya ua kwamba mzee amenuna. "Ameambiwa aache kukohoa, sasa amegoma kula. Ni kama mtoto." Rahab akasema wazee wote ni hivyo, wazoee tu. Lakini usiku, akiwa amelala ubavuni mwa Makokha, hayo maneno yalimkaa vibaya moyoni, na hakujua kwa nini.

Asubuhi iliyofuata Phelista alitoka chumbani kwa mzee kabla hajamaliza kufunga kidonda. Alikuwa na bandeji mkononi.

"Huyu mzee anakunywa maji?"

"Namwekea."

"Sijauliza kama unamwekea. Ulimi wake umekauka kama gunzi. Nimemwambia asimame, ameanguka kwa kitanda. Pigia Makokha simu. Tunaenda hospitali sasa hivi."

Walimtundikia dripu. Daktari, kijana wa Kikalenjin aliyeitwa Kipkemei, aliwaambia bila kuzungukazunguka kwamba mzee wa sukari hakai na kiu. Damu inakuwa nzito, figo zinachoka, na kidonda kilichokuwa kimeanza kuziba kimefunguka tena. Akasema wakicheza, mguu huo utakatwa. Kisha akauliza: kwa nini mzee aliacha kunywa?

Nyaguthii alikaa kwenye benchi la nje, mikono imebana kibeti. Makokha aliingia wadini, akakaa huko muda mrefu. Alipotoka hakuketi. Alisimama mbele ya mkewe akiangalia viatu vyake.

"Anasema aliacha kunywa ndio asiende choo."

"Asiende choo kwa nini?"

"Kwa sababu yako."

"Mimi? Mimi nimemfanya nini?"

"Nyaguthii, ile kukohoa. Hakuwa anaitisha kitu. Alikuwa anakuambia anatoka, ndio utoke kwa njia. Kwetu mzee hawezi kutana na mke ya mtoto wake kwa korido, ati wewe unatoka kuoga, na yeye anaenda choo. Hiyo ni aibu kubwa. Sasa anakohoa kwanza, wewe unasikia, unaingia mahali, yeye anapita."

"Na mimi nilikuwa namletea chai," Nyaguthii alisema polepole.

"Ulikuwa unamletea chai."

"Makokha! Na wewe ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua." Macho yake yalikuwa mekundu. "Nikiwa mdogo, papa akikohoa, wake za ndugu zangu wanaingia jikoni. Kila siku. Sikuwahi fikiria ni kitu ya kuambia mtu. Hata nilipoenda kumwambia aache, sikukumbuka. Ni kama mtu akuulize unapumua aje."

Kisha akamweleza lililobaki. Mzee alipokatazwa kukohoa, alikuwa akiingoja mashine. Ikilia alijua mkwe wake ameketi sebuleni, basi akatoka upesi akaenda akarudi. Hicho ndicho kivuli alichokuwa akikiona Nyaguthii. Halafu mashine ikanyamaza, naye Nyaguthii akawa anatembea peku ndani ya nyumba bila kishindo, na mzee akawa hajui yuko wapi. Basi akaona heri asinywe. Mchana kutwa alivumilia, mpaka Makokha arudi jioni na kuwasha taa na kumpigia hodi, ndipo atoke akiwa naye.

"Nimemuuliza, papa, si ungetoka tu? Akaniambia, nitatembeaje kwa nyumba ya mtoto wangu kimya kimya kama mwizi?"

Nyaguthii aliona trei zile zote, zikiingia koridoni moja baada ya nyingine, zikimziba njia mzee aliyebanwa. Mwanzo kicheko kilimpanda, kicheko cha kweli, kikafika kooni na hapo kikageuka. Alilia pale kwenye benchi mbele ya watu, kwa aibu na kwa huruma, na hakutafuta leso.

Mzee aliruhusiwa kurudi Section Six baada ya siku chache. Alirudi na uamuzi wake. Jumamosi, Makokha akiwa hana kazi, ampeleke nyumbani Lugulu. Phelista alimwambia waziwazi kwamba kule kuna matope na ng'ombe na hakuna wa kumfungia kidonda, kwamba akienda ataupoteza mguu. Mzee akajibu kuwa mguu ni wake. Makokha alimsihi, akamsihi tena, mzee akasema amesumbua watoto vya kutosha. Usoni hakuwa na hasira yoyote, na hilo ndilo lililomuumiza Nyaguthii zaidi. Mtu aliyekasirika unaweza kumwomba msamaha. Huyu alikuwa ameona tu kwamba hapa pamemshinda kukaa kwa heshima, na alikuwa anaondoka kwa adabu. Begi lake lilikuwa limefungwa tayari, limewekwa kando ya kitanda.

Ijumaa asubuhi, Phelista na Makokha walipokwisha ondoka, Nyaguthii alisimama katikati ya sebule asijue la kufanya. Masweta ya Endebess yalikuwa yameisha kuungwa, yamefungwa kwenye magunia. Uzi wote ulikuwa umekwisha. Chumbani kwa mzee hapakusikika hata kitanda kulia. Alifikiria lile jagi la maji. Kisha akaivua mashine ile kanga, akaketi, akashika mpini wa kigari, akausukuma juu ya sindano tupu.

Shwaa-kracha. Shwaa-kracha.

Alisukuma bila kuangalia nyuma. Alisukuma mpaka mkono ukaanza kuuma, akili yake yote ikiwa masikioni, na kwa mara ya kwanza masikio yale yakawa na kazi ya maana. Alisikia kitasa. Alisikia bakora, tok, tok, ikipita. Mlango wa choo ukafungwa. Hakuacha. Maji yakamwagwa, mlango ukafunguka, bakora ikarudi tok, tok, mlango wa chumba ukafungwa. Alisukuma mistari mingine kadhaa ya bure ili isionekane kwamba alikuwa akingoja.

Baadaye ikasikika sauti ya maji yakimiminwa kutoka kwenye jagi.

Lakini begi lilikuwa bado limefungwa, na kesho ilikuwa Jumamosi. Mashine isingeweza kulia milele. Saa kumi ilipofika hakupika chai. Alitia miguu kwenye slipa za Makokha, akabeba kiti cha jikoni, akakiweka koridoni mbele ya mlango wa mzee, akakigeuza ili aupe mlango mgongo. Akaketi. Alikuwa hajui kama hilo linaruhusiwa kwao au la, na hapakuwa na wa kumuuliza.

"Baba."

Akasogeza kiti karibu na mlango.

"Baba, ni mimi. Nimekaa hapa nje, nimeangalia ukuta. Sikuoni. Nataka tu kusema." Alishika ukingo wa kiti. "Sisi kwetu mzee akikohoa anataka chai. Sikujua. Nilifikiri unanituma. Niliambia Makokha akunyamazishe, na hiyo ilikuwa makosa yangu, si yake. Naomba unisamehe. Usiende. Huo mguu ukikatwa, mimi nitaona kila siku kwamba ni mimi niliyeukata. Kohoa baba. Kohoa vile unataka. Nitatoka kwa njia kila saa, hata kama ni mara mia."

Mvua ilikuwa imeanza kunyesha tena kwenye mabati. Nyaguthii alingoja. Alianza kuhofia kwamba mzee amelala, au kwamba amemwaibisha zaidi kwa kuyasema hayo ya choo mchana kweupe. Alikuwa amekwisha shika kiti ainuke, sauti ilipotoka upande wa pili wa mlango, karibu sana. Mzee alikuwa amesimama hapo muda wote.

"Mama Nasike."

"Naam, baba."

"Hiyo mashine yako ina kelele mbaya. Kuliko posho mill ya kusagia mahindi."

"Ndiyo, baba."

"Lakini mimi nimeisikia siku nyingi. Ikiwa na uzi, inalia nzito. Leo asubuhi ililia tupu." Bakora iligonga sakafu kidogo. "Ulikuwa unafuma nini?"

Nyaguthii aliuangalia ukuta. "Hakuna, baba. Sikuwa nafuma kitu. Nilikuwa nataka utoke."

Nyaguthii akasikia kitu ambacho tangu aolewe hakuwahi kukisikia, babake Makokha akicheka, kicheko cha chini kilichochanganyika na kuvuta kamasi. Akavuta tena, kwa nguvu, mtu mzima asiyejua leso ni nini. Wala haikumuudhi.

"Mwambie Makokha kesho apumzike. Hakuna safari."

"Asante, baba."

"Na hiyo chai. Mimi sipendi chai, mama. Tangu nikiwa kijana. Nilikuwa nakunywa ndio usisikie vibaya."

"Yote ile, baba?"

"Yote." Kitasa kikacheza, kikatulia. "Sasa nipishe."

Nyaguthii alikibeba kiti kwa mikono miwili, akakimbilia sebuleni akiburuta slipa kwa makusudi ili asikike anakokwenda.